MTOTO ASIYESEMA NA MTU MZIMA ALIYEPOTEZA MANENO



Huenda katika kitongoji chako yupo mtoto wa miaka 3 ambaye hajasema hata neno "mama". Huenda pia yupo mzee aliyelala akiwa mzima, akaamka mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Majirani humwita yule mtoto "bubu". Kuhusu yule mzee, husema amerogwa au amechanganyikiwa. Kisha watu huacha kuwasemesha wote wawili.

Kuacha kuwasemesha ndiko kunakowadhuru zaidi. Mtoto asiyesemeshwa hajifunzi maneno. Mzee asiyesemeshwa hayarudishi yale aliyoyapoteza.

Leo tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni namna ya kumpima mtu mwenye tatizo la lugha. La pili ni namna ya kumsaidia. Wataalamu wa tiba ya lugha ni wachache sana nchini mwetu. Lakini sehemu kubwa ya tiba hiyo hufanyika nyumbani, kwa mazungumzo na kwa subira. Mama, baba, bibi, kaka na dada wanaweza kuifanya.

LUGHA HUPITA WAPI?

Fikiria kihenge cha mtama. Kina mahali pa kuingizia mtama, kina nafasi ya kuuhifadhi, na kina mahali pa kuutolea. Lugha nayo ina sehemu tatu.

Masikio ni mahali pa kuingilia. Ubongo ndio kihenge chenyewe. Kinywa, ulimi, midomo na koo ni mahali pa kutokea.

Masikio yakiziba, maneno hayaingii. Mtoto asiyesikia hawezi kusema neno ambalo hajawahi kulisikia. Ulimi wake ni mzima, lakini kihenge hakijajazwa.

Ubongo ukiumia, maneno huingia lakini hayakai au hayapatikani yanapotakiwa. Haya huwapata baadhi ya watoto, na huwapata watu wazima wenye kiharusi.

Midomo na ulimi vikiwa na kasoro, maneno yamo ndani lakini hutoka vibaya. Mtu huyu anaelewa yote, ila hasikiki vizuri.

Kwa hiyo kumpima mtu ni kutafuta sehemu yenye shida. Ukishaijua, utajua wapi pa kuanzia.

HATUA ZA LUGHA YA MTOTO

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Mmoja huwahi na mwingine huchelewa kidogo. Hata hivyo zipo hatua ambazo watoto wengi huzifikia kwa wakati wake.

Mtoto mchanga hushtuka akisikia kishindo. Hutulia akisikia sauti ya mama yake.

Miezi 6 hadi 9: Hugeuza kichwa kutafuta sauti inakotoka. Hucheza na sauti kama "bababa" na "mamama".

Mwaka 1: Hugeuka akiitwa jina lake. Hupunga mkono kuaga. Huanza kusema neno moja lenye maana.

Mwaka 1 na nusu: Huonyesha kwa kidole kitu anachokitaka. Hufuata agizo fupi. Ana maneno kadhaa.

Miaka 2: Huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo" au "taka uji".

Miaka 3: Husema sentensi fupi. Hata mgeni humwelewa sehemu kubwa ya maneno yake.

Miaka 4 hadi 5: Husimulia jambo alilolifanya, na huuliza maswali mengi.

Mtoto wako akiwa nyuma ya hatua hizi, mpeleke zahanati. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa anasema, kisha akaacha kusema, apelekwe bila kungoja.

Wapo watakaokuambia, "Ngoja, hata baba yake alichelewa." Ni kweli kwamba baadhi ya watoto waliochelewa huwafikia wenzao bila kutibiwa. Lakini kwa kumtazama tu huwezi kujua ni yupi atakayefikia na yupi atakayebaki nyuma. Kumpima hakumdhuru. Kungoja kunaweza kumdhuru, maana ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo.

MPIME MTOTO NYUMBANI

Kabla ya kwenda zahanati unaweza kumpima mwenyewe. Chukua daftari na kalamu. Kama huna hakika na mwandiko wako, mwambie mtoto mkubwa anayesoma shule akuandikie.

Kwanza, pima masikio. Mtoto akae akicheza na kitu. Simama nyuma yake, mbali kiasi cha hatua moja, mahali asipokuona. Mwite kwa sauti ndogo. Angalia kama anageuka. Rudia kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti kubwa. Usikanyage chini kwa nguvu, maana mtoto asiyesikia huhisi mtikisiko. Hakikisha pia kivuli chako hakimfikii. Wazazi wengi hudhani mtoto anasikia kwa sababu anageuka mlango unapogongwa au gari linapopita. Huenda amehisi mtikisiko tu.

Pili, pima kuelewa. Mwambie, "Lete kikombe." Usikitazame kikombe wala kukionyesha kwa kidole. Akikileta, ameelewa neno. Akileta baada ya wewe kuonyesha tu, amefuata kidole chako.

Tatu, hesabu maneno. Kwa siku 3 andika kila neno analolisema mwenyewe kwa maana. Neno lisilotamkwa sawasawa lihesabiwe pia, kama kila mara hulitumia kwa kitu kilekile.

Nne, tazama kinywa. Je, mdomo wa juu umepasuka? Je, kaakaa lina tundu? Je, chakula au maziwa hutokea puani? Je, udenda humtoka kila wakati na kutafuna kunamshinda?

Tano, tazama macho na mchezo. Je, hukutazama usoni? Je, hukuletea kitu ili mfurahi pamoja? Je, hucheza na wenzake? Mtoto asiyefanya hivyo, ambaye pia hasemi, huenda ana usonji. Usonji hautokani na malezi mabaya ya mama, wala si laana.

Yaandike yote katika daftari. Ulipeleke zahanati pamoja na kadi ya kliniki. Mganga humwona mtoto kwa dakika chache, tena mtoto akiwa na woga. Wewe humwona siku nzima. Daftari lako litamsaidia mganga kuliko unavyofikiri.

PIMA KWA LUGHA YA NYUMBANI

Mwakitolyo ni mahali pa mchanganyiko. Wenyeji wengi ni Wasukuma, na dhahabu imeleta watu kutoka mikoa mingine. Mtoto mmoja hulelewa na bibi kwa Kisukuma. Mwingine husikia Kisukuma nyumbani na Kiswahili kwa wapangaji.

Tuseme mtoto anaanza shule. Mwalimu anamuuliza kwa Kiswahili naye ananyamaza. Je, ana ugonjwa wa lugha? Bado hatujui. Mwulize kwa Kisukuma. Kama akiona maji husema "minzi", akiona mbuzi husema "mbuli", na humsimulia bibi yake habari za machungani, basi lugha yake ni nzima. Kinachomkosa ni Kiswahili tu, nacho atajifunza.

Ugonjwa wa lugha huonekana katika lugha zote anazozisikia mtoto. Kwa hiyo unapohesabu maneno yake, hesabu ya Kisukuma na ya Kiswahili kwa pamoja. Mganga naye akimpima kwa lugha asiyoijua mtoto, mwambie. Huo si utovu wa adabu. Unamsaidia kupima sawasawa.

Tena, kusikia lugha mbili hakumchelewesha mtoto wala hakumchanganyi akili. Usiache kumsemesha kwa lugha unayoijua vizuri. Bibi asiyejua Kiswahili vizuri aendelee na Kisukuma chake, maana ndicho chenye maneno mengi na hadithi nyingi.

Jambo hili limeshughulikiwa na watafiti karibu na kwetu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitaka kuwapima lugha watoto wa vijijini. Waliona vipimo vilivyotoka nje haviwafai watoto wale. Wakavirekebisha vilingane na lugha na maisha ya huko, na mwaka 2005 wakaandika habari za kazi hiyo. Walipowapima watoto waliowahi kuugua malaria kali, waliona baadhi yao wana matatizo ya lugha. Mtoto alikuwa amepona homa, lakini lugha yake ilikuwa imeachwa na jeraha.

SABABU TUNAZOWEZA KUZIZUIA

Sababu nyingine hatuwezi kuzizuia, kama zile ambazo mtoto huzaliwa nazo kwa urithi. Lakini nyingi tunaweza kuzipunguza.

1. Malaria kali. Malaria ikipanda kichwani huleta degedege na kupoteza fahamu. Ubongo huumia. Mtoto alale ndani ya chandarua. Akipata homa apimwe siku hiyohiyo.

2. Homa ya uti wa mgongo. Hii huharibu masikio na ubongo kwa muda mfupi. Mtoto mwenye homa, shingo ngumu na usingizi mzito ni mgonjwa wa hatari. Akishapona, masikio yake yapimwe.

3. Usaha masikioni. Watu husema, "Ni meno yanaota." Sivyo. Usaha ni ugonjwa na hupunguza kusikia. Usitie mafuta, maziwa wala majani sikioni. Mpeleke zahanati.

4. Surua na rubela. Mama mjamzito akipata rubela anaweza kuzaa mtoto asiyesikia. Mwaka 2014 nchi yetu ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja. Mtoto amalize chanjo zote.

5. Uzazi wa shida na manjano ya mtoto mchanga. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa anaweza kuumia ubongo. Manjano makali yanaweza kuharibu masikio na ubongo. Mama ajifungulie mahali penye huduma. Mtoto mchanga akiwa na manjano machoni au mwilini apelekwe siku hiyohiyo.

6. Kelele za karasha. Mashine ya kusaga mawe inaharibu masikio polepole, ya mkubwa na ya mdogo. Mama asifanye kazi karibu na karasha akiwa amembeba mtoto mgongoni.

7. Zebaki. Hili linatuhusu sisi wa machimboni, kwa hiyo nitalieleza zaidi.

Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, mtoto wa kike wa miaka 5 alipelekwa hospitali. Alikuwa hawezi kutembea vizuri wala kusema vizuri. Wengine wakafuata. Baadaye ilijulikana kuwa kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini. Zebaki ikaingia katika samaki, na watu wakala samaki hao. Wapo watoto waliozaliwa na ubongo ulioumia ingawa mama zao walionekana wazima.

Kwetu zebaki hupita njia nyingine pia. Mchimbaji anapochoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, moshi wake huingia mapafuni. Moshi huo hauna rangi wala harufu ya kukuonya. Huingia katika damu, hufika katika ubongo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mtu mzima aliyevuta mwingi hutetemeka, husahau, na pengine maneno yake hukokota. Zebaki nyingine huchukuliwa na maji ya mvua hadi mitoni na malamboni.

Sisemi kwamba kila mtoto aliyechelewa kusema hapa kwetu amedhurika kwa zebaki. Sababu ni nyingi, kama tulivyoona. Ninasema hii ni hatari tunayoweza kuiweka mbali na watoto. Usichome zebaki nyumbani wala jikoni. Usiihifadhi katika chupa ya soda. Mjamzito na mtoto wakae mbali na mwalo. Nguo za mwaloni zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao unazitaka nchi zipunguze zebaki machimboni, na pale inapowezekana ziiondoe.

MAMBO YA KUACHA

Usimkate mtoto kimeo wala ule uzi ulio chini ya ulimi kwa wembe nyumbani. Kukata huko hakuingizi maneno kichwani. Mtoto asiyesikia atabaki hasikii hata akikatwa. Badala yake anaweza kutokwa damu nyingi, kupata kidonda kilichooza au pepopunda. Kama uzi wa ulimi ni mfupi mno na unamzuia kunyonya, mganga wa hospitali atatazama.

Usimlazimishe kwa kumwambia, "Sema! Sema!" huku chakula umekishika juu. Atalia na ataogopa kusema.

Usimcheke wala usimwige. Hata mwenye kigugumizi hasaidiwi kwa kuchekwa au kumaliziwa maneno. Mwache amalize mwenyewe, nawe msikilize anachosema.

Usimfungie ndani wageni wanapokuja. Aibu ya wazazi humnyima mtoto watu wa kusema nao.

MAZOEZI YA MTOTO NYUMBANI

Fanya mazoezi haya mara nyingi kwa siku, kila mara dakika chache. Huhitaji kuacha kazi. Yafanye ukimwogesha, ukichambua mboga, au mkienda kisimani.

Shuka chini uso wako ulingane na wake. Akuone midomo na macho.

Fuata anachokitazama. Akitazama kuku, sema, "Kuku." Kisha sema, "Kuku anakula." Neno hukaa vizuri likija pamoja na kitu chenyewe.

Ongeza neno moja. Akisema "maji", wewe sema, "Maji baridi" au "Taka maji." Usimpe hotuba ndefu.

Mpe nafasi. Ukimwuliza, nyamaza, uhesabu kimoyomoyo moja hadi tano. Watu wazima huwa na haraka, nao hujijibu wenyewe. Mtoto mwenye shida ya lugha anahitaji muda wa kutafuta neno.

Mpe kuchagua. Shika ndizi mkono huu na kiazi mkono ule. Uliza, "Ndizi au kiazi?" Akionyesha kwa kidole, pokea jibu lake na ulitaje, "Ndizi!" Kisha mpe.

Tumia mikono. Onyesha kula, kulala, kuja na kwenda kwa ishara huku ukisema neno. Ishara hazimzuii mtoto kusema. Humfungulia njia.

Imba na kusimulia. Wimbo una maneno yanayorudiwa, na kurudia ndiko kunakofundisha. Jioni bibi na babu wasimulie hadithi. Mtoto akae karibu, hata kama hajibu.

Mtoto ambaye hasikii kabisa anahitaji lugha ya macho, yaani lugha ya alama. Aanze mapema, na jamaa zake wajifunze pamoja naye. Lugha ya alama ni lugha kamili. Mtoto anayeijua anaweza kuuliza, kufikiri, kusoma na kuandika. Mtoto asiyesikia na ambaye hakupewa alama hukua bila lugha yoyote, na hiyo ni hasara kubwa kuliko uziwi.

WAPI PA KWENDA?

Anza zahanati au kituo cha afya. Watamtazama masikio na kinywa, watatibu ugonjwa ulioko, na wataandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Penye haja ataendelea hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza kifaa cha kusaidia kusikia kwa watoto viziwi. Kifaa hicho hakimfai kila mtoto, na humsaidia zaidi aliyepelekwa mapema.

Kuhusu shule, usikubali kuambiwa kwamba mtoto asiyesema hana mahali. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Shinyanga mjini ipo Shule ya Msingi Buhangija, inayopokea watoto wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Mwone mwalimu mkuu na ofisa elimu. Nenda na daftari lako.

MTU MZIMA ALIYEPOTEZA MANENO

Sasa tumgeukie yule mzee. Maneno yakimpotea mtu kwa ghafla, mara nyingi sababu ni kiharusi. Mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka. Sababu kubwa ni shinikizo la damu ambalo halikutibiwa.

Wengine hudhani kiharusi ni ugonjwa wa watu wa mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam. Mjini walikuwa wengi zaidi, lakini vijijini nako walikuwapo.

Kumbuka dalili tatu. Uso: upande mmoja umelegea. Mkono: mmoja haunyanyuki. Maneno: hayatoki, yanakokota au hayaeleweki. Ukiona hata moja imetokea ghafla, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Tazama saa, ili umweleze daktari ilianza lini. Usimpe chakula, maji wala dawa, maana vinaweza kuingia mapafuni. Usianzie kwa mpiga ramli. Kila saa inayopita ubongo unazidi kufa.

Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa aliyeweza kusema neno moja tu, "tan". Lakini mgonjwa huyo alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliukagua ubongo wake. Akakuta sehemu ya mbele, upande wa kushoto, imeharibika. Tangu hapo watu walianza kujua kuwa lugha ina mahali pake katika ubongo. Kwa watu wengi ni upande wa kushoto. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kupoteza maneno na kulegea mkono wa kulia mara nyingi huja pamoja. Uchawi haumo.

MPIME MTU MZIMA

Hali yake ikishatulia, na daktari amemruhusu kurudi nyumbani, mpime hivi kwa lugha aliyoizoea.

Mwambie, "Fumba macho." Usimwonyeshe. Akifumba, anaelewa.

Mwulize swali la ndiyo au hapana ambalo unalijua jibu lake, kama "Wewe una ng'ombe?" Atikise kichwa.

Mwonyeshe kijiko, jembe na kikombe. Avitaje.

Mwambie arudie maneno, "Mvua imenyesha."

Kama alijua kusoma, mwandikie neno fupi alisome.

Utaona aina tatu za shida. Wa kwanza anaelewa lakini maneno hayatoki, au hutoka moja moja kwa taabu. Wa pili husema mengi kwa wepesi, lakini hayana maana, naye haelewi vizuri anachoambiwa. Huyu ndiye watu humwita mwendawazimu, nao wanamwonea. Wa tatu anaelewa na maneno anayo, ila ulimi ni mzito. Huyu anaweza kuandika anachotaka.

Mtu aliyejua lugha mbili huenda moja ikarudi kabla ya nyingine. Anza na ile inayorudi.

MAZOEZI YA MTU MZIMA

Punguza kelele. Zima redio. Aseme mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Tumia sentensi fupi. Usimpigie kelele, maana masikio yake ni mazima. Usimsemeshe kama mtoto mchanga. Yeye bado ni baba, bado ni mama, na shikamoo yake apewe.

Anza na maneno yanayotoka yenyewe: kuhesabu 1 hadi 10, siku za wiki, sala. Wapo wasioweza kusema sentensi moja, lakini wakiimbiwa wimbo wa zamani huimba pamoja. Tumia njia hiyo.

Kila siku taja majina ya watoto wake na vitu vya nyumbani, ukimwonyesha. Akikwama, mpe sauti ya kwanza ya neno, kisha ngoja.

Chora picha za kikombe, kitanda, choo na dawa. Aonyeshe anachotaka. Haja zake zisisubiri maneno yarudi.

Akila, akae wima. Akikohoa kila anywapo maji, mrudishe hospitali, kwani kumeza nako kumeharibika.

Maneno hurudi zaidi katika miezi ya mwanzo. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kupata nafuu baada ya mwaka na zaidi. Usikate tamaa mapema. Dawa za shinikizo la damu azimeze kila siku, hata akijisikia mzima, ili kiharusi cha pili kisije.

Lipo jambo moja la mwisho kuhusu haki yake. Mtu aliyepoteza maneno hakupoteza shamba, mifugo wala hisa yake katika duara. Msimshike kidole gumba na kukigandamiza katika karatasi asiyoielewa. Mweleze polepole, mbele ya mashahidi, kwa maswali ya ndiyo na hapana. Uliza swali lilelile kwa njia mbili. Kama majibu hayalingani, ahirisheni.

Wanaoamini Biblia na wanaoamini Kurani wote wanajua kuwa Nabii Musa hakuwa mwepesi wa kusema, na ndugu yake Haruni akamsaidia. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo Musa hakuwa na akili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, ni mtoto gani wa miaka 2 au zaidi ambaye bado haunganishi maneno mawili? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake kwa upole?

2. Kwa nini kupiga mlango si njia nzuri ya kupima masikio ya mtoto?

3. Mtoto anasema Kisukuma vizuri lakini hajui Kiswahili. Je, ana ugonjwa wa lugha?

4. Zebaki huchomwa wapi hapa kwetu? Ni nyumba ngapi zenye watoto ziko karibu?

5. Taja dalili tatu za kiharusi. Usiku ikitokea, tutapata wapi chombo cha kumpeleka mgonjwa?

6. Nani ameacha kusemeshwa kwa sababu hawezi kujibu? Kesho tutampitia saa ngapi?